Majani ya Wifi

Ukuta uliotenganisha chumba changu na cha majirani zangu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya upande huu, upande wa pili mtu ananiambia pole. Kwa hiyo nilipoanza kusikia mtafuno, mtafuno mdogo usiokoma, nilijua unatoka kwao, na nikaamua ni panya. Nilikuwa nimehamia pale karibuni na cherehani yangu na marobota ya vitambaa, na mshonaji haogopi mwizi kama anavyoogopa panya. Nikachukua mtego, nikaenda kubisha hodi.

Mwanamke aliyefungua alinitazama mimi, akautazama mtego, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Ingia uwaone hao panya," akasema.

Chumba kilikuwa kimoja tu, kama changu. Kitanda hakikuegemea ukuta. Kilikuwa katikati, na kila upande wake kulisimama chanja za mbao zilizopanda hadi karibu na dari. Juu ya kila chanja kulikuwa na nyungo, na ndani ya nyungo viwavi wa hariri, weupe, wanono, wamejilaza juu ya majani ya mforosadi, wanakula kama wamepewa kazi hiyo na serikali. Katikati ya yote hayo, kitandani, mwanamume aliyeegemea mito alikuwa akipanga majani kwenye ungo uliowekwa juu ya mapaja yake.

"Karibu jirani," alisema. "Ila usiguse. Mikono yako inanuka mafuta ya mashine."

Huyo ndiye Timazi, na yule aliyenicheka ni mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Wadudu. Majina yote mawili yalikuwa ya utani. La mume lilitokana na ule uzi wa waashi wenye kipande cha chuma mwishoni, unaopima kama ukuta umesimama wima. Alikuwa mwashi, na ukuta uliopinda ulimkera kama jino bovu. Akija kwako kama mgeni, kabla hujamwonyesha kiti keshakwambia pembe yako ya kulia imeinama. La mke lilianza kwa kejeli. Hawakujaliwa mtoto, na kuna watu wakaona wamchekee kwamba mwenzao amezaa wadudu. Yeye akaliitika, akaendelea kuliitika, mpaka waliolitunga wakachoka na likabaki jina tu.

Habari za nyuma nilizipata kidogo kidogo, nikishona, yeye akichambua majani mlangoni kwangu. Timazi aliteleza kwenye jukwaa la ujenzi akaanguka chali juu ya kifusi. Uti wa mgongo ukaumia, miguu ikafa ganzi. Hospitali ilimweka, ikafanya ilichoweza, ikamrudisha nyumbani. Akageuza uso upande wa ukuta na kukaa hivyo. Hasemi, hali, hamtazami mtu. "Ukuta ule umepinda, jirani, hata mimi nauona," Mama Wadudu aliniambia. "Na yeye alilala akiutazama, wala hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa."

Viwavi walikuwa wa mke. Alijifunza kuwafuga kwenye kikundi cha akina mama, akawa nao kwenye kibanda uani, na Timazi alipokuwa mzima alizoea kuwaambia watu kwamba mke wake anafuga funza. Kibanda kilipoanza kuvuja aliwaingiza chumbani, maana mahali pengine hapakuwepo. Siku moja alitoka kuchota maji, akarudi akamkuta mume wake ameinua kiganja, na juu ya kiganja kuna kiwavi aliyedondoka kutoka kwenye chanja.

"Huyu wako ana njaa," Timazi alisema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa muda mrefu. Mama Wadudu aliweka ndoo chini, akalia, kisha akampa ungo mzima.

Tangu hapo wakawa wa Timazi. Yeye ndiye aliyejua yupi amejikunja ili avue ngozi na asisumbuliwe, yupi mgonjwa wa kutolewa. Wadogo aliwakatia majani membamba kama tumbaku. Kutoka kitandani alimwelekeza mkewe, na mkewe akamtengenezea kwa rimu ya baiskeli gurudumu la kuzungushia uzi, ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelizungusha, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado mikono ya mwashi. Uzi ulichukuliwa na mama mmoja mfumaji. Lakini mimi niliyekuwa upande wa pili wa ukuta nakwambia, uzi ulikuwa jambo dogo. Mtu alikuwa anaamka asubuhi akiuliza, "Majani yamekuja?" Mtu anayeuliza majani anakula uji. Mtu anayekula uji anakubali kugeuzwa, kuoshwa, kufungwa vidonda vya kulala.

Majani yalitoka kwenye miforosadi iliyopandwa na Mama Wadudu mwenyewe nyuma ya uzio wa uwanja wetu. Baba Mwenye Nyumba alimruhusu miaka mingi iliyopita, wakati uwanja ule haukuwa na kazi. Aliwahi kusema mara moja mbili kwamba ipo siku atajenga vyumba zaidi. Sisi wapangaji tulilisikia neno hilo kama tunavyosikia habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

Siku yenyewe ilipofika, Mama Wadudu alikuwa amekwenda zahanati kuchukua bandeji. Nilisikia msumeno wa injini, nikatoka na mkasi mkononi. Mti wa kwanza ulikuwa tayari chini.

"Mzee, subiri kidogo," nilimwambia Baba Mwenye Nyumba. "Wadudu wa mama yule wako ukingoni. Wakishajifunga kwenye uzi wao, kata yote."

Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kama mtu anayetafuta kosa lake na asilione. "Mama, hawa vijana nimewakodi kwa leo. Trekta la kung'oa visiki linafika mchana. Mimi najenga nyumba, sifugi wadudu."

Ili uelewe ubaya wa siku hiyo lazima ujue kiwavi wa hariri alivyo. Akiwa mdogo hula kidogo kidogo, kama ndege. Lakini siku zake za mwisho, kabla hajaanza kutoa uzi, hula kama amechanganyikiwa, usiku na mchana, kwa sababu uzi wote atakaoutoa lazima kwanza ale majani yake. Ukimkatia chakula hapo, ama anakufa, ama anafuma kifuko chepesi kama utando wa buibui. Na viwavi wa Timazi walikuwa hapo hapo.

Niliingia kumpa habari. Alikuwa ameshikilia ungo kwa mikono yote miwili.

"Nimesikia," alisema. Kisha: "Na ule wa pembeni, ulio karibu na bomba?"

"Na ule pia."

Mama Wadudu alirudi akasimama pale ilipokuwa miti, na kifurushi cha bandeji kwapani. Hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Alipiga magoti akaanza kukwanyua majani kwenye matawi kabla vijana hawajayapakia kwenye lori, nami nikapiga magoti kando yake. Tulijaza kila kilichojazika: ndoo, shuka, begi la nguo. Kesho yake mchana yaliyobaki yalikuwa yamenyauka, na kiwavi hali jani lililonyauka hata ukimbembeleza.

Ndipo Mama Wadudu alipoanza kutembea. Alikwenda nyuma ya shule, nyuma ya zahanati, kwenye nyumba zenye bustani ambako mbwa ndio wapokea wageni. Alibeba jani moja mkononi na kumwonyesha kila aliyekutana naye. Watu wakamwambia hawalijui, au wakamwambia limewahi kuwepo likakatwa, au wakamuuliza linatibu nini. Mwosha magari mmoja alikuwa na mti wake karibu na karo, majani yamefunikwa vumbi na mafuta. Mama Wadudu aliyachuma hayo hayo, akayaosha moja moja, akayafuta moja moja kwa kitambaa nilichompa, maana jani bichi lenye maji humharisha kiwavi. Kazi hiyo ilitumaliza jioni nzima. Viwavi waliyamaliza majani hayo kabla sisi hatujanyoosha migongo.

Halafu mtafuno ukanyamaza. Nilikuwa nimeuzoea mpaka nilikuwa siusikii tena, na sasa nikasikia kutokuwepo kwake. Nikiingia kwao nilikuta viwavi wameinua vichwa, wote, wanavipeleka huku na huku hewani wakitafuta kitu. Timazi aliwatazama. Hakutaka uji.

"Mpe tu anywe," Mama Wadudu aliniomba, "labda kwako ataona haya." Alikunywa vijiko viwili kwa heshima yangu, akaomba radhi.

Siku iliyofuata Mama Wadudu alirudi na mizigo miwili ya majani, na uso wake ulikuwa umefunguka. Kule bondeni, pembeni mwa bustani ya mboga, alikuta ua mzima wa miforosadi, na mwenye bustani alimwambia achume anachotaka. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, yanang'aa. Tulianza kuyatandaza kwenye nyungo za juu.

Timazi aliliinua jani moja puani. "Yana harufu."

"Harufu ya nini?" mke wake aliuliza.

"Sijui. Harufu tu."

"Ni ya gunia, baba. Nimetembea tangu kulipokucha. Ni gunia lile."

Hakubisha. Ningekuwa mimi nisingebisha pia. Miguu ya yule mwanamke ilikuwa imevimba mpaka kamba za ndala zimezama kwenye nyama.

Nilirudi kwenye cherehani. Mtafuno ukaanza upya ukutani na nikafurahi kama mjinga. Sikuwa nimemaliza kushona pindo moja niliposikia Timazi akipaza sauti, naye hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Ondoa majani. Ondoa, ondoa yote!"

Viwavi walikuwa wamejiinua nusu mwili, wanatikisa vichwa, na vinywani mwao yanatoka maji ya kijani. Wengine walikuwa wamesinyaa tayari, wafupi, kama kitu kilichokunjwa. Bustani ile ilikuwa imepuliziwa dawa ya wadudu, na upepo ulikuwa umeugawia ua sehemu yake. Timazi alijivuta kwa mikono kuufikia ungo wa karibu, ukampindukia kifuani, akawa anawaokota kwenye shuka mmoja mmoja na kuwapangusa midomo kwa kidole. Mama Wadudu alivuta nyungo, akamwaga, akavuta nyingine. Nyungo za chini zilikuwa bado hazijawekewa majani, na viwavi wa humo ndio waliopona. Wa juu walikufa karibu wote mbele ya macho yetu, polepole, wakijinyonganyonga.

Yalipoisha, Timazi alijigeuza ukutani.

Mama Wadudu alichimba shimo pale palipokuwa na visiki, udongo ukiwa bado laini kwa trekta, akawamwaga humo. Alipomaliza alikaa juu ya rundo la udongo na jembe mapajani.

"Jirani, sina mbele wala nyuma," alisema. "Wakifa na waliobaki, yule naye anakufa. Usidhani nasema maneno tu. Mimi namjua. Namwona anavyokwenda."

Nilikaa kando yake. Baadaye akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa, "Wifi anayo."

Wifi yake, dada mkubwa wa Timazi, alikuwa mpishi wa shule na aliishi upande wa pili wa mji. Uzio wa nyumba yake ulikuwa miforosadi mitupu. Mama Wadudu ndiye aliyempelekea vipandikizi, enzi walipokuwa wakipelekeana mboga na kusukana nywele. Baada ya ajali wifi alikuja kumwona mdogo wake, akamkuta kati ya nyungo, akasema mbele ya watu, "Umemlaza ndugu yangu kati ya funza kama maiti." Akataka amchukue. Mama Wadudu alisimama mlangoni, akamwambia Timazi hatoki pale ila kwa jeneza. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesalimiana.

"Nisindikize," aliniomba. "Nikienda peke yangu nitarudia njiani."

Wifi alitukuta langoni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono iliyozoea masufuria ya watu mia. Nyuma yake niliona bomba la maji ndani ya ua, na watoto wake wawili wa kiume, watu wazima, wakitengeneza mlango. Na uzio ule. Matawi yalikuwa yamejiinamia kwa wingi wa majani.

"Wifi, hujambo," Mama Wadudu alisema.

"Sijambo, wifi. Nani amekufa?"

Alieleza yote bila kuficha, miti, bondeni, sumu, na yule aliyegeukia ukuta. Wifi alisikiliza akiwa ameshika lango.

"Majani nitakupa," alisema. "Yamejaa hapa, hata mbuzi wa jirani wameyakinai. Lakini na mdogo wangu aje akae hapa."

"Wifi, usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia nini? Uliniambia hatoki ila kwa jeneza. Mimi sitaki kusubiri jeneza."

"Nitakufulia. Nitakupikia. Nitakuja kila siku nifagie ua huu."

"Nina mikono ya kufagia." Kisha alimtazama toka kichwani hadi kwenye zile ndala, na sauti yake ikashuka kidogo. "Jitazame mwenyewe, mwanamke. Umebaki mgongo, nao umepinda. Hapa kuna wanaume wawili wa kumwinua. Kuna maji. Kuna choo ndani."

"Na mimi?"

"Nyumba imejaa, unaiona. Utakuja mchana kumwangalia na kulisha hao wadudu wako."

Alitupa gunia moja la majani, ya siku hiyo tu, na Mama Wadudu akalibeba kichwani njia nzima ya kurudi. Alipofika aliwalisha waliobaki kwanza. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda akamweleza mume wake masharti, taratibu, kama mtu anayesimulia upuuzi wa mtu mwingine. Nilikuwa mlangoni. Ilikuwa wazi kwamba anangoja Timazi akatae, ili wakatae wote wawili, na kama ni kufa wafe pamoja.

Timazi aligeuza uso kutoka ukutani. "Nitakwenda," alisema.

"Umesemaje?"

"Wana njaa. Nitakwenda."

Alimtazama mume wake. Alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na chochote ndani. "Kwa majani," alisema. "Haya."

Wale wapwa wawili walikuja na pikapu ya kuazima, wakambeba Timazi na godoro lake kana kwamba ni mto wa kiti. Mama Wadudu alipanda nyuma na nyungo mapajani, amezikumbatia zisipeperushwe. Jioni alirudi peke yake. Kupitia ukuta nilisikia kitanda kikiburutwa. Alikuwa anakirudisha pembeni, mahali ambapo watu wote huweka kitanda.

Kila siku alikwenda kule asubuhi, akalisha, akamwosha Timazi, akamfunga vidonda, akarudi. Wifi alimfungulia lango bila salamu na kumfungia bila salamu. Na mume na mke walizungumza habari za viwavi tu. Huyu amelainika. Yule bado. Weka matawi makavu.

Kiwavi akishiba ngozi yake hubadilika, huwa kama ukucha, unaona mwanga kupitia. Huacha majani, hupanda kwenye tawi kavu, na kuanza kujizungushia uzi kutoka kinywani, akipeleka kichwa huku na huku, mpaka umwone kama mtu nyuma ya pazia, kisha usimwone kabisa. Wifi, aliyeapa kutoingia chumba chenye wadudu, alianza kusimama mlangoni.

"Anajifunga mwenyewe?" aliuliza siku moja.

"Anajifunga mwenyewe," Timazi alijibu.

"Mjinga huyo." Lakini kesho yake alikuwepo tena.

Vifuko vikishakuwa tayari hakuna kupumzika. Mdudu aliye ndani anageuka nondo, na nondo akitoboa atoke, uzi wote unakatika vipande na haufai tena. Lazima vifuko vitiwe mvuke kabla, mdudu afe, kisha vichemshwe ili gundi ilegee na ncha ya uzi ipatikane. Wifi hakutaka hata kusikia.

"Kuchemsha wadudu kwenye jiko langu? Ile harufu naijua, niliwahi kuinusa kwenu. Hapana."

"Basi tutachemshia kwetu," Mama Wadudu alisema. "Jirani atazungusha gurudumu."

"Nitazungusha mimi," Timazi alisema.

Dada yake alimwambia hawezi kukaa. Timazi alisema afungwe kwenye kiti. Dada akamwambia barabara ina mashimo. Timazi akasema anayajua mashimo yote, mengine aliwahi kuyaziba yeye. Wakamleta.

Uwanja ulikuwa umechimbwa misingi, na vijana wa Baba Mwenye Nyumba wanapanga tofali mahali pa ile miti, kwa hiyo tulijibana kando ya bomba. Timazi alipopita alitazama tofali zile, mdomo ukataka kufunguka, akaufunga. Tulimweka kwenye kiti cha plastiki, tukamfunga kifuani kwa shuka. Wifi alisimama nyuma ameshika mgongo wa kiti, ameziba pua kwa pindo la nguo yake.

Mama Wadudu aliketi mbele ya sufuria. Maji yalikuwa yanatokota, na aliingiza vidole humo, akavitoa, akavichovya kwenye maji baridi, akaviingiza tena. Kwa kifagio kidogo cha nyasi aligonga gonga vifuko vilivyoelea mpaka ncha zikanasa. Alizikusanya kadhaa pamoja, akazipitisha kwenye kitanzi cha waya, akamfikishia mume wake. Timazi akaanza kuzungusha. Uzi ulipanda kutoka kwenye mvuke, mwembamba hata huuoni mpaka jua liuguse.

Ukakatika. Akatafuta ncha, akaunga. Ukakatika tena. Viwavi walioonja njaa hutoa uzi wenye njaa. Siku nyingine walikuwa wakiimba kazini, nakumbuka. Siku hiyo ilikuwa ni kukatika na kuunga tu, na harufu ile nzito, na vidole vya Mama Wadudu vikigeuka vyeupe na kukunjamana.

Alianza kusema bila kuinua macho. "Mimi nilitembea mji mzima. Nikakubali mbwa wanifukuze. Wewe ukaniacha kwa gunia la majani."

"Sikuondoka kwa majani," Timazi alisema.

"Mimi nilikuwepo. Nilikusikia."

Gurudumu lilipunguza mwendo. "Kuna asubuhi ulinigeuza ukidhani bado nimelala. Ulipomaliza ulikwenda pale mlangoni ukainama, ukajiuma mkono ili usilie. Nilikuona. Siku ya pili yake tena. Ukianguka wewe, nani angetuinua? Majani niliyataja kwa sababu ndilo neno lililokuwepo."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Nina haki ya kukataa. Huo mgongo ni wangu, si wako." Sasa alikuwa ameinua macho, na machozi yanamtoka pamoja na jasho la mvuke. "Ulinipangia kana kwamba mimi ni tofali."

Mkono wa Timazi ulikuwa juu ya gurudumu na gurudumu limesimama. Nilitaka kuondoka lakini nilikuwa nimeshikilia kitanzi cha waya.

"Uzi umekatika," wifi alisema kwa nyuma. Alikuwa ameachia pindo, pua iko wazi, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika bega la mdogo wake. "Wifi. Umekatika."

Mama Wadudu alijifuta uso kwa kiwiko, akarudisha vidole kwenye maji ya moto.

Walimaliza jua likiwa limeshuka nyuma ya ukuta mpya. Uzi uliopatikana ulikuwa mafungu machache, wa rangi ya maziwa, wenye mafundo kila mahali. Mfumaji aliupokea kwa kusitasita, akasema utafaa kitambaa kizito. Timazi alirudi kwa dada yake siku ile ile. Walimfungua kwenye kiti, wakampandisha garini, na mke wake akamfunika miguu kwa shuka, akaikaza pembeni, na hakumuaga. Akaanza kuosha sufuria.

Vyumba vipya vilipokamilika kodi ya uwanja mzima ilipanda, nasi tukahama, kila mmoja kwa wakati wake. Mama Wadudu alipata chumba mtaa uleule wa wifi yake, hatua chache kutoka langoni. Si ndani ya nyumba ile. Hakualikwa, na sidhani angeenda. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza hakutaka kuzungumza. Mara ya pili nilimkuta uani kwa wifi, wamekaa wote wawili kwenye mkeka na ungo kati yao, wanachambua majani. Walikuwa wameacha vifuko vichache vitoboke, nondo wakataga, na kutoka kwenye mayai hayo wakaangua viwavi wa kujaza ungo mmoja tu. Wifi alilalamika harufu, akalalamika uzio wake kuvuliwa nguo, na mikono yake haikupumzika.

Nilimuuliza Mama Wadudu hali ya Timazi, wifi alipoingia ndani.

"Vidonda vyake vimefunga," alisema. "Kuna siku anaamka anauliza majani. Kuna siku anageukia ukuta, na siku hizo hata mimi simwezi, wala dada yake. Namwosha, namlisha, jioni naondoka nakwenda kulala kwangu. Siku nyingine nalia njiani. Siku nyingine hata hiyo nguvu sina."

"Na ulimsamehe?"

Aliligeuza jani, akatazama mgongo wake kama lina dawa, akalinusa. "Bado," alisema. "Lakini naye hajaomba."

Kutoka dirishani sauti ya Timazi iliuliza kama kuna mtu huko nje au wote wamekufa, maana hawa watoto hapa ndani wana njaa. Mama Wadudu alimaliza kufuta jani alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine, akasimama kwa kushika kiuno, akaubeba ungo ndani.